Yuko Atuombeaye

Masomo: Luka 22:31–34 na 54–62, Waebrania 7:23–25



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya neno moja tunalolikiri katika Imani ya Mitume, ambalo mara nyingi twalipita upesi kama mtu apitavyo mlango wa nyumba asiyokuwa na shauri nayo. Twakiri ya kuwa Kristo, baada ya kufa na kufufuka, alipaa mbinguni, naye ameketi mkono wa kuume wa Mungu. Watu wengi wakisikia habari ya kuketi hudhani ni kupumzika tu, kama mkulima aketivyo barazani baada ya mavuno, jembe lake limetundikwa ukutani. Kweli, kazi ya kuzilipia dhambi zetu imekwisha msalabani, wala haina nyongeza. Lakini Maandiko yasema ya kuwa huko alikoketi, Bwana wetu anayo kazi hata leo, nayo ni kutuombea. Hayo asema Paulo katika Warumi 8:34. Hayo asema mwenye kuandika Waraka kwa Waebrania katika sura ya 7. Na Yohana katika Waraka wake wa kwanza, sura ya 2, amwita wakili wetu mbele ya Baba. Mashahidi ni watatu, na ushuhuda wao ni mmoja.

Twalitaja neno hili kwa sababu ya jambo lililotupata wenyewe katika kazi yetu. Tuliitwa kwenda kumwona mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa kanisa kwa muda wa miaka zaidi ya 30. Watu wengi wa mtaa ule walijifunza kuomba kwa kuyafuata maneno ya kinywa chake. Tulimkuta amelala kitandani, mwili umekwisha kwa ugonjwa, na mkewe ameketi karibu naye juu ya mkeka. Tulipokwisha kusalimiana, alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Mchungaji, nimefungwa kinywa. Naianza Sala ya Bwana, nikifika penye ombi la mkate napotea, sijui liendelealo. Na usiku maumivu yakija siliiti jina la Mungu. Naugua tu kama mnyama. Mimi niliyewafundisha wengine! Je, labda tangu mwanzo ilikuwa kazi ya mdomo tu, wala sikuwa na imani?”

Nasi tulimjibu vibaya. Tulimwambia, “Mzee, jitahidi. Omba ijapokuwa neno moja, wala usimwachie Shetani nafasi.” Tukaomba sala ndefu, tukaagana, tukaenda zetu. Lakini njiani moyo ulituchoma. Tulikuwa tumemkuta mtu katikati ya mto, nguvu zimemwishia, nasi tukasimama ukingoni tukamfundisha kuogelea. Usiku ule tulifungua Injili ya Luka, na hayo tuliyoyasoma humo ndiyo tunayotaka kuwapa ninyi pia.

Bwana Yesu yumo mezani pamoja na wanafunzi wake, usiku ule wa mwisho. Amwambia Simoni Petro ya kuwa Shetani amewataka wao wote, apate kuwapepeta kama ngano. Kisha amwambia ya kuwa yeye amemwombea, imani yake isije ikakoma. Angalieni jambo hili, ninyi mnaosoma Kiswahili. Ziko lugha ambazo neno la kumwambia mtu mmoja na neno la kuwaambia wengi ni lile lile, na msomaji hawezi kutambua. Lugha yetu yaonyesha wazi, kama Kigiriki kionyeshavyo. Shetani amewataka *ninyi*. Lakini Bwana amemwombea *wewe*. Adui alitaka kundi zima, akiwahesabu kwa jumla, kama mtu ahesabuye debe za nafaka. Bwana alimtaja mmoja kwa jina lake.

Tena angalieni ni lini alipomwombea. Petro alikuwa hajaanguka bado, wala hajaijua hatari yake. Hakuomba aombewe. Alipoambiwa habari ya kuombewa, hakushukuru, bali alijisifu ya kuwa yuko tayari kwenda gerezani na hata kufa. Basi sala ya Bwana haikungoja sala ya Petro. Ilikuwa imekwisha kufika mbele ya Baba wakati Petro alipokuwa akingali anajisifu.

Na angalieni ni neno gani aliloliomba. Hakuomba Petro asipepetwe. Ungo haukuondolewa. Usiku ule ule, penye moto uani kwa kuhani mkuu, Petro alimkana Bwana wake mara tatu, na jogoo akawika. Mtu aonaye kwa macho tu atasema, “Tazama, sala ya Yesu haikusikiwa, maana Petro ameanguka.” Lakini Bwana hakuomba Petro asianguke, aliomba imani yake isikome. Wala hakumwambia, kama ukirudi. Alimwambia habari ya wakati atakapokuwa amekwisha kurudi, na kazi atakayoifanya wakati huo, yaani kuwaimarisha ndugu zake. Jogoo alipowika, Bwana aligeuka akamtazama, na Petro akatoka nje akalia kwa uchungu. Machozi yale ndiyo imani isiyokoma. Haikuwa na maneno, haikuwa na nguvu, wala haikuwa na sifa yo yote. Lakini ilikuwako, kwa sababu yuko aliyeiombea.

Basi hapa, ndugu, ndipo ulipo msingi wa faraja yetu. Imani yetu haisimami kwa sababu sisi twaomba sana. Sisi twaweza kuomba, hata kama ni kidogo, kwa sababu yuko atuombeaye. Mwenye kuligeuza neno hili, akaweka sala yake chini iwe msingi, siku ya ugonjwa na ya kuchanganyikiwa atajiona nyumba yake imeanguka, kama alivyojiona mzee yule.

Mungu aliwafundisha Waisraeli neno hili zamani kwa mfano wa mavazi. Someni Kutoka sura ya 28. Haruni, kuhani mkuu, alivikwa naivera yenye mawe mawili ya shohamu mabegani, na juu ya kila jiwe yameandikwa majina sita ya wana wa Israeli. Tena kifuani alivikwa kifuko chenye mawe 12, na kila jiwe lina jina la kabila moja. Hivyo alipoingia patakatifu, aliingia na watu wote pamoja naye. Mabega ni mahali pa kuchukulia mzigo; kifua ni mahali pa moyo. Mtu wa kabila ndogo, aliyekuwa mgonjwa hemani mwake asiweze hata kuifikia hema ya kukutania, jina la kabila lake lilikuwa ndani pamoja na kuhani. Hakuna aliyemwuliza kwanza kama siku hiyo ameomba vema.

Lakini kuhani yule alikuwa mtu wa kufa. Katika Hesabu sura ya 20 twasoma jinsi Haruni alivyopandishwa mlima Hori, akavuliwa mavazi yale, akavikwa Eleazari mwanawe, naye Haruni akafa huko juu. Hata Musa, mwombaji mkuu, mikono yake ilichoka siku ile ya vita na Waamaleki, mpaka Haruni na Huri wakamkalisha juu ya jiwe wakaitegemeza, mmoja upande huu na mmoja upande huu. Hivyo ndivyo walivyo waombezi wote wa kibinadamu. Mama mcha Mungu atuombea kwa miaka mingi, kisha twamzika. Mchungaji atuombea, kisha ahamishwa au azeeka. Ndiyo sababu Waraka kwa Waebrania wasema ya kuwa makuhani wale walikuwa wengi, kwa kuwa mauti iliwazuia wasikae. Lakini Yesu akaa milele, na ukuhani wake hauondoki kwake. Kuhani wetu havuliwi mavazi. Mikono yake ina alama za misumari, wala haihitaji mtu wa kuitegemeza.

Makanisa ya nchi hii yalijua neno hili kwa kupepetwa. Baada ya vita vile vikuu vilivyoanza mwaka 1914, wamisionari Wajerumani waliondolewa, na kufikia mwaka 1920 sharika nyingi za Kilutheri zilibaki mikononi mwa walimu wenyeji. Wengi wa walimu hao hawakuwa wamewekewa mikono kuwa wachungaji, na vitabu vyao vilikuwa vichache. Ruhusa ya wamisionari wale kurudi ilipatikana mwaka 1925. Katika miaka ile palikuwa na upungufu mwingi, na wengine walirudi nyuma. Walakini kanisa halikufa. Wachungaji waliondolewa katika nchi, lakini Mwombezi hakuondolewa.

Sasa twataka kuondoa kosa moja, maana ni kubwa, tena limefichwa ndani ya desturi zetu. Sisi twajua sana kazi ya mtu wa katikati. Kijana atakaye kuposa hajiendei mwenyewe, humtuma mshenga. Zamani mtu mwenye shauri kwa mtemi au mangi alitafuta kwanza mzee mwenye kibali, apate kumsemea na kuituliza hasira ya mkubwa. Basi tusikiapo ya kuwa Yesu ni Mwombezi, twaweza kuwaza hivi: Mungu Baba ni mkubwa mkali, hataki kutuona; Yesu ni mpole, naye ambembeleza mpaka akubali bila kupenda. Mawazo haya siyo Injili. Katika Yohana 16:26–27 Bwana mwenyewe awaambia wanafunzi ya kuwa Baba awapenda. Na ni nani aliyemtuma Mwana? Ni Baba. Mshenga huyu hatukumtuma sisi; ametumwa na mwenye nyumba mwenyewe, atuite tuingie. Mwana aombapo, hambadilishi Baba moyo wake. Aomba lile ambalo Baba alikusudia kutupa tangu mwanzo. Kwa hiyo sala yake haiwezi kukataliwa.

Kosa hili si dogo, kwa sababu mtu amwogopaye Mungu kama adui hatamkimbilia, bali atatafuta mahali pengine. Tazameni habari ya Martin Luther. Siku ya 2 Julai mwaka 1505, alipokuwa kijana anayesomea sheria, alikuwa akirudi Erfurt, na karibu na kijiji cha Stotternheim radi ilipiga karibu naye. Kwa hofu alimlilia Anna mtakatifu amsaidie, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Hakumlilia Kristo. Mwenyewe alieleza baadaye ya kuwa tangu utoto alimwona Kristo kama hakimu aketiye juu ya upinde wa mvua, ajaye kuhukumu. Ndiyo sababu aliwatafuta wengine wamtetee. Miaka mingi alijitesa kwa kufunga na kukesha, mpaka Neno la Mungu lilipomwonyesha ya kuwa Hakimu mwenyewe ndiye Mtetezi. Tarehe 25 Juni mwaka 1530, Ungamo la Augsburg liliposomwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano, kifungu chake cha 21 kilikiri ya kuwa yafaa kuwakumbuka watakatifu, imani yetu itiwe nguvu kwa mfano wao; lakini Maandiko hayafundishi kuwaomba watusaidie, maana Mpatanishi ni mmoja, Kristo Yesu.

Sisi tuliozaliwa Afrika tusimcheke kijana yule wa Stotternheim. Radi inapotupiga sisi, twamlilia nani? Mtoto akiugua homa isiyopona, au mke asipopata mimba, wako walio wetu ambao Jumapili hupiga magoti penye Meza ya Bwana, na siku nyingine usiku huenda kwa mpiga ramli, au humwaga pombe makaburini, wazee waliokufa wapate kuwasemea. Hatusemi juu ya dawa, iwe ya mti au ya hospitali; dawa ni kipawa cha Mungu. Twasema juu ya kumtafuta mwombezi wa pili. Walimu, mkimkuta mtu wa namna hiyo, msianze kwa kumkemea tu. Mwulizeni anamwogopa nani. Mara nyingi mtakuta ya kuwa hajaambiwa bado, au amesahau, ya kuwa yuko mmoja aliyeingia ndani na jina lake kifuani.

Yako mafaa matatu ya neno hili, nasi twayataja kwa ufupi.

La kwanza ni kwa mwenye dhambi. Uangukapo, Shetani hukuambia usiombe leo, ngoja kwanza mpaka umekuwa safi. Lakini Yohana hasemi ya kuwa wenye haki wanaye wakili; asema ya kuwa mtu akitenda dhambi, tunaye wakili. Ni nani aendaye kwa wakili akiwa hana kesi? Basi enda siku ile ile. Usiipunguze dhambi yako wala kuisingizia wengine, maana wakili huyu hatutetei kwa kusema hatukukosa; atutetea kwa kuionyesha damu yake mwenyewe. Na mtu asilifanye neno hili kuwa ruhusa ya kuzoea dhambi. Petro alipotazamwa na Bwana hakurudi penye moto kuota. Alitoka nje akalia.

La pili ni kwetu sisi tulioombewa: imetupasa kuwaombea wengine. Petro aliambiwa awaimarishe ndugu zake. Paulo katika 1 Timotheo sura ya 2 aagiza sala kwa ajili ya watu wote, na wenye mamlaka pia. Mwalimu, uwe na karatasi yenye majina ya watu wa mtaa wako, nawe uyasome mbele za Mungu moja moja: mgonjwa, mjane, mwanafunzi aliye mbali, na yule aliyeacha kuja kanisani. Usimwombee kwa jumla mtu ambaye Bwana amwita kwa jina.

La tatu ni kwa yule asiyeweza kuomba tena, na hapo twarudi kwa mzee wetu. Siku ya pili tulirudi nyumbani kwake. Safari hii hatukumwambia ajitahidi. Tulimsomea habari ya Petro, kisha Warumi 8:26, ambapo Paulo asema ya kuwa sisi hatujui kuomba ipasavyo, lakini Roho mwenyewe atuombea kwa kuugua ambako maneno hayatoshi kukusema. Tukamwambia, “Mzee, ulisema waugua kama mnyama. Mtume asema Roho wa Mungu yumo ndani ya kuugua huko. Unao waombezi wawili: mmoja yuko mbinguni mkono wa kuume wa Baba, mmoja yumo humu kifuani mwako. Wewe u katikati yao.”

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, “Anaomba hata sasa, nami nimenyamaza?”

“Hata sasa, mzee.”

“Na nikilala usingizi?”

“Hata ukilala.”

Akasema, “Basi nitalala.” Akageuza uso, na mkewe akamfunika.

Hakupona. Bwana alimtwaa katika juma la tatu. Sala zake za zamani, ndefu na nzuri, hazikumrudia. Lakini mkewe alituambia siku ya mazishi ya kuwa usiku wa maumivu hakusema tena ya kuwa amefungwa kinywa. Alisema neno moja tu, tena na tena: “Waniombea.” Mama yule alituuliza kama hilo nalo lahesabiwa kuwa sala. Tulimjibu ya kuwa sisi, katika miaka yetu yote ya kusimama madhabahuni, hatujui kama tumewahi kuomba sala iliyo bora kuliko hiyo.

Basi wapendwa, mtakapolala usiku huu, mmoja mwenye nguvu na mwingine mwenye homa, mmoja mwenye maneno mengi na mwingine asiye na neno, kumbukeni ya kuwa taa ya mbinguni haizimwi, na yule aketiye mkono wa kuume hasinzii. Mtembeleeni aliye mgonjwa, mkamwambie hivyo. Mwambieni upesi kuliko tulivyomwambia sisi.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, Kuhani wetu Mkuu, wewe uliyemwombea Simoni kabla hajaanguka, utuombee sisi nasi. Imani yetu ni ndogo, usiiache ikome. Watazame walioanguka, wapate kurudi. Wape wagonjwa Roho wako, augue pamoja nao. Utufundishe sisi wachungaji na walimu kuwaombea watu wako kwa majina yao, mpaka siku ile tutakapokuona uso kwa uso. Amina.